Wanawake wenzangu, msiishie jikoni siku ya suluhu

Kwetu ni mashariki ya Dodoma, kule ambako ukivuka makorongo mawili tu umeingia wilaya ya Kiteto. Ugomvi wa ardhi wa wakulima na wafugaji nimezaliwa nikaukuta, na wanangu nao wameukuta. Mabinti wanaotaka kuanzisha kikundi cha amani huniuliza waanzie wapi. Huwa nawasimulia kwanza siku niliyopika.

Kilikuwa kikao cha suluhu cha vijiji viwili. Wanaume walikaa chini ya mbuyu. Sisi tulikuwa pembeni na masufuria matatu ya wali, kuni mbichi, moshi unatutoa machozi. Mpaka tunapakua, karatasi ilishasainiwa. Njia ya kwenda korongoni, tunakofukua mchanga kupata maji ya kiangazi, ilikuwa imeingizwa ndani ya malisho. Katika waliosaini hakuna aliyewahi kubeba ndoo kutoka kule. Siku ya mnada, yeyo (ndivyo Wamasai wanavyomwita mama) mmoja anayeniuzia maziwa akaniambia nao hawakuulizwa: njia yao ya kupeleka watoto zahanati sasa inakatiza mashamba yetu, na wakipita wanadaiwa faini. Karatasi ile ile ilikuwa imemfungia yeye zahanati na mimi maji.

Ndiyo maana nasema mapema kabisa: mkiitwa kupika siku ya suluhu, pikeni mkitaka, lakini kwanza muulize viti vyenu viko wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Majina hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, yakathibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Nendeni mkaulize hao watatu ni akina nani. Sisi tulipouliza tulikuta mmoja wao hajui kama ni mjumbe.

Jambo la pili nimelichukua mbali. Mwezi Januari 1988, mwezi mmoja tu baada ya kuanza intifada ya kwanza, yaani Wapalestina kuinuka kuupinga utawala wa Israeli, wanawake wachache wa Kiisraeli walianza kusimama barabarani Yerusalemu kila Ijumaa saa saba mchana, wamevaa nyeusi, wakidai nchi yao iache kuyakalia maeneo ya Wapalestina. Wakaitwa Wanawake Waliovaa Nyeusi. Mwaka 1991 wanawake wa Belgrade nao wakasimama vivyo hivyo kupinga vita vya serikali yao wenyewe. Wale wa Yerusalemu walitukanwa kuwa wasaliti, na wakatukanwa kuwa malaya. Tusi hilo la pili nimelifikiria sana, maana mwanaume anayepinga vita huitwa mwoga au msaliti, basi. Sisi tulipoanza kukaa na akina yeyo, tuliambiwa tunatafuta wanaume wa Kimasai. Jiandaeni kwa hilo, na waambieni waume zenu mapema kabla hawajalisikia kilabuni.

Tulichoiga ni siku na saa. Kila mnada, saa nne, chini ya mgunga uleule, tumevaa kaniki kama bibi zetu. Dai letu lilikuwa moja: njia ya maji na njia ya zahanati ziachwe wazi kwa kila mtu. Msianze na dai la kumaliza mgogoro wote, litawavunja moyo. Njia mbili zilituchukua misimu miwili ya mvua.

Halafu kuna siku damu inamwagika, na hapo ndipo vikundi vingi hufa. Huko Israeli kuna kikundi cha wanawake wanaodai amani, Women Wage Peace, kilichozaliwa baada ya vita vya Gaza vya 2014, na upande wa Wapalestina kuna Women of the Sun, cha mwaka 2021. Tarehe 4 Oktoba 2023 waliandamana pamoja. Siku tatu baadaye Vivian Silver, mmoja wa waanzilishi wa kile cha kwanza, aliuawa katika shambulio la Hamas kwenye kijiji cha Be'eri, jirani na Gaza, kisha vita vikaangukia Gaza na kuua wanawake na watoto maelfu kwa maelfu. Vikundi vyote viwili bado vipo. Nikiwakumbuka, sioni haya kulia.

Kwetu aliuawa kijana mmoja mchunga ng'ombe, wa ukoo wa yule yeyo wa maziwa. Tulijadiliana siku nzima kama twende, nani atatulinda, nauli itatoka wapi. Tulipofika walishamaliza kuzika, na mama yake hakutupa mkono. Mnada uliofuata chini ya mgunga tulikuwa wanne. Yeyo hakuja mnada ule, wala uliofuata. Wa tatu ndiyo akaja, akakaa, hakusema neno.

Tangu hapo mfuko wa kikundi una shilingi elfu arobaini zisizokopeshwa mtu, hata njaa ikikaza. Ni za bodaboda, kwenda msibani upande wa pili siku hiyohiyo.