Mtoto Asiyesikia Vizuri Asipimwe kwa Maneno Peke Yake

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe wa miezi 16, anayevaa vifaa vya kusaidia kusikia, amepimwa na kuambiwa kuwa "hana mawasiliano". Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, na bado yananiuma.

Binti yangu aligunduliwa kuwa na upungufu wa kusikia akiwa na miezi 9. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wengi unataka mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma zianze kabla ya miezi 6. Kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Kilichonihadaa ni sauti zake. Watoto wachanga wasiosikia nao hulia, hucheka na kuguna katika miezi ya mwanzo, na tofauti hujitokeza zaidi pale wenzao wanapoanza kurudiarudia silabi, "bababa", "mamama", ilhali wao huchelewa kufika hapo. Mimi niliisikia miguno ile nikaridhika.

Tathmini ya kwanza ya mawasiliano ilifanyika akiwa na miezi 14. Mtaalamu alikaa upande wa pili wa meza, akamwita jina mara kadhaa, akamwonyesha picha, kisha akainama kuandika. Wakati anaandika, binti yangu alinishika kifundo cha mkono, akanitazama usoni, akageuka kuutazama mlango, halafu akarudisha macho kwangu na kusubiri. Alikuwa ananiambia tuondoke. Mtoto aliyetoa ombi, akahakikisha nimelipokea, kisha akangoja jibu, aliandikiwa kwamba hana nia ya kuwasiliana! Tulipofika nyumbani ndipo nilipogundua kuwa betri ya kifaa cha sikio la kushoto ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyekuwa amekikagua, mimi nikiwemo.

Miezi iliyofuata sitaieleza. Ilikuwa ya kusubiri tu. Tathmini ya pili, akiwa na miezi 19, iliendeshwa na mtu mwingine, naye alianza kwa kusikiliza kila kifaa kwa mrija wa kusikilizia, unaounganishwa na kifaa ili kujua kama kinatoa sauti, kabla hata ya kumsalimu mtoto. Kisha, akiwa ameketi pembeni ili midomo yake isionekane, alitamka sauti sita za kupimia usikivu, zilizopendekezwa na Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto wasiosikia kusema, moja baada ya nyingine: "aa", "uu", "ii", "mm", "sh" na "s". Sauti hizo zimechaguliwa kwa sababu zinaanzia besi hadi sauti nyembamba kabisa za usemi. Binti yangu aligeuka kwa tano, lakini kwa "s" hakugeuka, na hapo nikaelewa kwa nini maneno fulani yalikuwa yakimpita.

Baada ya hapo tuliketi sakafuni tukacheza. Nilikuwa nimebeba daftari na video fupi za simuni, na katika fomu ya wazazi ya kuorodhesha maneno tukahesabu ishara 31 za lugha ya alama na maneno manne ya mdomo. Neno alilolitoa kwa mkono lilihesabiwa kuwa neno. Nililia mle chumbani, na sioni aibu kulisema hilo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nenda ukiwa na ushahidi. Andika jinsi mtoto anavyoomba, anavyokataa, anavyoonyesha kwa kidole, na anavyopokezana nawe zamu katika mchezo. Rekodi video akiwa kwake, ametulia. Kagua betri asubuhi ya siku hiyo, na uikague tena mlangoni. Uliza kama ripoti itazingatia muda ambao mtoto amekuwa akisikia kwa vifaa, maana aliyevaa kwa miezi mitano amesikia usemi kwa miezi mitano, hata kama umri wake ni mwaka na nusu. Hilo lisiwe kisingizio cha kuridhika na pengo. Ni njia ya kujua kama anasonga mbele kwa kasi inayostahili.

Tena jichunguze na wewe. Tulio wengi tunasikia, na tuna tabia ya kuzungumza huku mtoto akiwa ametazama kitu kingine. Mtoto huyu hawezi kutazama kikombe na mikono yako kwa wakati mmoja, basi ngoja ainue macho ndipo useme. Usipongoja, atakosa neno, kisha atalaumiwa yeye kwa kutolijua. Wala usikubali ripoti iliyohesabu maneno ya mdomo tu. Omba irudiwe, na uendelee kuomba. Daftari, betri, video: nitayarudia hayo kwa kila atakayeniuliza.

Yule mama nilimwomba arekodi chochote. Jana usiku alinitumia video ya sekunde 12: mtoto anainua kiatu kimoja, anamtazama mama yake, anakunjua viganja vyote viwili, na anasubiri.