Kupata chaneli za bure za Kenya ukiwa Rombo

Ukisimama kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, hapa Mkuu, asubuhi mvua ikiwa imeosha vumbi, unaiona milima ya Taita upande wa mashariki, ng'ambo ya nyika ya Tsavo, kule Kenya. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Vuria, mita 2,208, na juu yake kuna minara ya mawasiliano. Kutoka kwetu ni kama kilomita 80 ukikata moja kwa moja. Milima hiyo nimeiangalia tangu utotoni, na sikujua kwamba ndiyo ingenisaidia kumrudishia mzee wangu taarifa yake ya habari.

Baba amepeleka ndizi soko la Taveta, upande wa Kenya, tangu ujana wake. Habari za Kenya kwake ni habari za kazi: barabara imekatika wapi, uchaguzi unakwendaje, mpakani kuna nini. Enzi za analojia alikuwa akiipata KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, yenye chenga, na ilimtosha. Kisha Dar es Salaam mitambo ya analojia ikazimwa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, Kenya nayo ikahama mwaka 2015. Chenga za baba zikapotea pamoja na habari zake. Nilipoamua kumtafutia chaneli hizo upya, nilihangaika miezi minne. Naandika ili wewe umalize kazi hiyo Jumamosi moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa king'amuzi. Duka moja mjini waliniuzia cha kampuni ya kulipia, wakaniambia kinashika kila kitu. Vingi vya aina hiyo vimefungwa visachi masafa ya kampuni yake tu. Unachotaka ni king'amuzi cha FTA, yaani cha chaneli zisizofungwa, na kwenye boksi lake usome DVB-T2 na MPEG-4, ambayo ni majina ya mifumo ya kurusha na kubana picha za dijitali. Ile namba 2 usiiache ikupite. Kenya inarusha kwa DVB-T2, na kifaa cha DVB-T ya zamani hakitaona chochote hata ukikikalisha chini ya mnara. Televisheni nyingi za siku hizi zina DVB-T2 ndani yake, kwa hiyo kagua kitabu chake kabla hujatoa pesa.

Sasa antena, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua Yagi ya UHF (masafa yanayobeba televisheni ya dijitali), ile ndefu yenye vijiti vingi. Kabla hujafunga chochote, panda mahali utakapoiweka uangalie kwa macho yako: je, mlima wenye mnara unauona? Kama kati yako na Taita kuna kilima au msitu wa migrevilea, hamisha mlingoti. Mimi nilianza kwa kuifunga ukutani, chini ya paa, nyuma ya migomba, na majani mabichi yenye maji hula mawimbi vibaya sana. Nilipoipandisha kwenye bomba la futi 20 upande wa juu wa kihamba, bila kubadilisha kitu kingine chochote, picha ilikuja siku hiyo hiyo.

Jaribu pia kuigeuza antena yenyewe. Kuna minara inayorusha kwa mlalo na mingine kwa wima, kwa hiyo vijiti vilale sambamba na ardhi, na ukikosa, visimamishe, ujaribu tena.

Usitegemee kusachi kwa otomatiki. Dijitali haina chenga za kukuonyesha kwamba unakaribia: picha inakuja safi, inagandaganda, au haipo kabisa. Ingia kwenye kusachi kwa mkono, chagua namba moja ya UHF, mtu mmoja akae kwenye kioo na mwingine azungushe mlingoti taratibu. Namba 21 ni MHz 474, kila namba inayofuata unaongeza 8, mpaka 48 ambayo ni 690. Kwenye kioo kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu inaweza kujaa na picha isije. Chaneli hufungwa kadhaa pamoja kwenye masafa moja, hivyo ukinasa moja umenasa fungu zima. Kenya ina wasambazaji zaidi ya mmoja, wakiwemo Signet ya KBC na ADN iliyoanzishwa na kampuni za habari za Royal Media, Nation na Standard, kwa hiyo kupata fungu moja ukakosa jingine ni jambo la kawaida. Zenye alama ya dola pembeni zimefungwa, ziache.

Busta inunue mwisho. Inakuza kilichonaswa na antena, na kama antena imenasa kelele, utapata kelele kubwa zaidi. Ukiihitaji, iwe ile ya kufungwa juu kwenye mlingoti. Baadhi ya ving'amuzi hupeleka volti 5 kwa waya huo huo wa antena, ila sehemu hiyo kwenye menyu mara nyingi huwa imezimwa.

Usiku mmoja nilipata chaneli ambazo asubuhi hazikuwepo. Hewa ya joto ikikaa juu ya hewa ya baridi, mawimbi hupinda na kufika mbali kuliko kawaida. Funga nati zako kwa majibu ya saa sita mchana.

Na radi, tafadhali. Mlingoti wa chuma mlimani wakati wa masika si kitu cha kuchezea. Tuliuchimbia waya wa ardhini, na wingu likianza kunguruma mama huchomoa waya wa antena kabla hajaanua nguo.

Masafa yote tuliyopata nimeyaandika kwa wino nyuma ya king'amuzi, kwa sababu wajukuu wakibonyeza kusachi upya orodha yote hufutika. Sasa baba anayarudisha mwenyewe, miwani puani, rimoti mkononi, kabla ya habari za saa moja.