Sabuni ya mawese na nazi inayowasha ngozi
Ndugu, umeuliza kwa nini sabuni yako, uliyopima kwa kikombe, inawasha na inatoa unga mweupe juu; ninashuku zaidi kipimo hicho cha kikombe, kwa kuwa mafuta na kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) hupimwa kwa uzito, kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Kila mafuta yana mahitaji yake: gramu 1,000 za mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za kostiki, ilhali mawese ya uzito huohuo huhitaji takribani 142 tu, hivyo anayeweka mawese badala ya nazi bila kupunguza kostiki hubakiwa na kostiki isiyopata mafuta ya kuungana nayo, na hiyo ndiyo huwasha. Kwa gramu 700 za mawese na 300 za nazi, tumia kostiki gramu 147 na maji gramu 340. Hapo nimepunguza asilimia tano ya kostiki ili mafuta kidogo yabaki kulainisha ngozi. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, vaa glavu na miwani, na usitumie sufuria zetu za kawaida za alumini, kwani kostiki huzila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Baada ya kukata vipande, viache sehemu yenye hewa kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuuza. Zile zinazowasha usimuuzie mtu.