Kumwandika mtoto aliyeua

Ndugu yangu, umeeleza kwamba hadithi yako inamhusu mvulana wa miaka kumi na moja, wa kijiji cha karibu na Wete, Pemba, aliyemuua ami yake msimu wa karafuu, nawe unauliza namna ya kumwandika bila kumfanya shetani wala kumsafisha.

Kwa maoni yangu, usitafute sababu moja, kwa kuwa msomaji akishapewa kipigo au uyatima kama jibu la kila kitu, huacha kumtazama mtoto mwenyewe. Mwache abaki na utoto wake: anasahau, anaona njaa, anaogopa kuchelewa chuo cha Kurani kuliko anavyoogopa alilolitenda. Mauaji yenyewe yaandike kwa ufupi, na kurasa uzitumie kwa watu wazima wanaomzunguka, yaani sheha, kiongozi wa mtaa, anayeitwa usiku, na mama asiyejua amfiche au amtoe.

Penye utajiri zaidi ni pale dini na mahakama zinapotofautiana, na nashangaa hukupagusa. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto asiyebaleghe hajakalifishwa, yaani hajabebeshwa wajibu wa matendo yake, ilhali mahakama huhesabu miaka. Tanzania Bara, kwa mfano, sheria ya jinai haimtii hatiani aliye chini ya miaka 10, na aliye chini ya 12 huhitaji kuthibitishwa kuwa alielewa ubaya wa tendo lake. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011. Isome kabla hujaandika hata sentensi moja ya mahakamani.

Sauti ya mtoto mwenyewe nisingeitumia, ila kama unaimudu kweli.