Tairi ya mtumba: soma ubavuni kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza kama tairi za mtumba zenye kashata (meno ya tairi) nene zitakufikisha Mbeya kutoka Dar. Kashata zisikudanganye. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake. 2315 ni wiki ya 23, mwaka 2015. Hiyo mimi nisingeifunga hata kama spea, mpira ukishakauka hupasuka ukiwa kwenye mwendo. Usipoziona tarakimu hizo, chungulia ubavu wa pili.

Upepo jaza asubuhi, tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva. Namba ya MAX kwenye tairi ni kikomo tu. Ukirudi, mlima Kitonga teremka kwa gia ndogo, usikalie breki.