Siku Mama Aliponiuliza "Sasa Tunafanyaje?"

Watu hudhani utu uzima unaanza ukitimiza miaka 18, ukapata kitambulisho cha NIDA ukapiga kura. Mimi nilikuwa navyo vyote na bado nilikuwa mtoto. Ulinianza jioni moja nikiwa kwenye foleni ya daladala Mbagala, mama akapiga simu kutoka Muheza kwamba upepo umeezua bati za jikoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa tunafanyaje, mwanangu?"

Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nauliza hivyo.

Nikajitutumua: "Usijali mama, nitatuma." Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Mkataba ulisema laki sita, na kichwani mwangu nilikuwa na laki sita kweli. Kumbe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua elfu sitini, Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani elfu tisini, halafu kuna kodi ya mapato. Mkononi inabaki 426,000. Kama umesoma kwa mkopo na unakaribia kuajiriwa, piga hesabu hiyo kabla hujaahidi mtu chochote, na kabla hujaenda kuangalia chumba.

Maana chumba nacho kina yake. Changu kilikuwa cha elfu themanini kwa mwezi, nikaona nafuu. Baba mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo, dalali akataka wa mwezi mmoja kama ada yake. Jumla 560,000, kabla sijanunua hata ndoo. Nilimkopa mjomba. Miezi sita ilipokwisha nikashtuka tena kama vile sikujua kalenda inakwenda wapi. Siku hizi mshahara ukiingia tu, elfu themanini inahamia kwenye akaunti nyingine ambayo haina kadi. Nisipoiona siigusi.

Bati zile nilizinunua. Nilituma karibu nusu ya mshahara, nikaishi kwa chapati na chai ya kukopa kwa Mangi mwenye duka, nauli nikaazima kwa wenzangu ofisini. Mwezi uliofuata simu ikaja ya ada ya mdogo wangu, na baada yake ya msiba wa jirani. Nikaanza kuogopa jina la mama likitokea kwenye simu. Hilo hadi leo linanitia aibu kuliko madeni yenyewe.

Aliyenifungua macho ni shangazi. Aliniuliza, "Umewahi kumwambia mama yako unapata kiasi gani?" Sikuwahi. Nilidhani kutaja mshahara ni kulalamika. Nikarudi Muheza wikiendi, tukakaa uani tunamenya machungwa, nikamtajia makato yote moja moja, na kodi ya chumba, na nauli. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ungesema," akasema. Yeye alikuwa anaomba kwa sababu mimi nilikuwa naitikia.

Tulikubaliana elfu sitini kila tarehe mbili. Likitokea jambo la ghafla anapiga, nami namwambia nilichonacho: elfu ishirini, au sina. Kusema "sina" kwa mzazi ni kugumu, sitakudanganya. Mara ya kwanza nilikata simu nikalia. Lakini "sina" ya ukweli mama anaipangia, anamwendea baba mdogo au anasubiri. "Nitatuma" ya uongo inamkalisha kwa wakala wa fedha mchana kutwa.

Mengine ya utu uzima, kupika, kufua, kukumbuka kununua umeme wa LUKU kabla mita haijaanza kulia, utayajua ndani ya wiki chache. Usiyape kichwa.

Mdogo wangu akimaliza kidato cha sita anakuja kukaa kwangu. Nimeshamwambia akipata kibarua tu, umeme wa wiki ya pili ni zamu yake. Anadhani natania.