Ukimfundisha Mchina "concomitant", anza na nani kaandamana na nani

Nimekaa Wuhan miaka minne nasoma, na jioni nilikuwa nawasaidia wanafunzi wa Kichina Kiingereza cha insha, wengi wanajiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Najua kuna Watanzania na Wakenya wengi wanafanya kazi hii, hukohuko China au kwa mtandao, so naandika kwa ajili yenu.

Insha nyingi zitaanza hivi: "With the rapid development of society". Mara ya kwanza unadhani wamekopiana, kumbe wala. Kichina kina neno suízhe, yaani kama "sambamba na" au "kadiri kitu kinavyoendelea", wamezoea kufungulia insha nalo tangu shule, sasa likivuka kuja kwenye Kiingereza ndo linakuwa hiyo "with". Sarufi iko sawa ila sentensi haisemi kitu, jamii imeendelea sawa, na tatizo unalolizungumzia linahusianaje na hayo maendeleo?

Halafu kwenye IELTS msamiati ni moja ya vigezo vinne vya kusahihishia insha, basi mtu anakimbilia maneno mazito na huko ndo anakutana na "concomitant", yaani kinachoandamana na kingine. Dada mmoja wa Hunan aliniletea karatasi ina sentensi hii: "The factory concomitant many problems." Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika "brings" juu yake, wiki iliyofuata karudia vilevile. Ndo tukakaa tukafungua kamusi yake pamoja. Imeandikwa bànsuí de. Bànsuí ni kitenzi, kuandamana na kitu, na hiyo de ya mwisho ndo inaigeuza kuwa sifa, yeye kaidondosha maana ni kasauti kadogo tu, akabaki na kitenzi mkononi. Kosa lake lilikuwa na sababu kabisa na kalamu yangu nyekundu haikuigusa.

Toka siku hiyo nikaacha kugawa orodha za maneno. Nauliza kwanza: hivi vitu viwili vinatembea pamoja, au kimoja kimekizaa kingine, au kimekuja baadaye tu? Sisi tunatenganisha bila hata kufikiri, mtangazaji wa hali ya hewa anasema mvua zinazoambatana na upepo mkali, hasemi upepo umetokana na mvua. Vinavyotembea pamoja ni concomitant, na ndani yake kuna neno la Kilatini comes, mwenza wa safari. Kilichozaliwa ni consequent. Kilichokuja baadaye tu ni subsequent, na hapa jamani kaeni sana, maana hayo mawili yanafanana machoni na mtu anaandika "the consequent meeting" wakati hicho kikao kimefuata tu kingine kwenye ratiba, hakuna kilichosababisha.

Attendant nayo ina ishu yake. Wanaijua kama mhudumu wa ndege, so wakikuta "old age and its attendant problems" wanakwama kabisa. Mi huwa nawaambia mhudumu ni mtu anayekaa karibu na anayemhudumia, na hayo matatizo yako karibu na uzee hivyohivyo. Wazoeshe kuiweka baada ya its au their, inakaa freshi.

Matamshi, mkazo uko kwenye silabi ya pili, kon-KOM-i-tant. Ikiwa sifa inafuatwa na with, ikiwa nomino inafuatwa na of. Na kwenye insha ya maneno 250 moja inatosha, wakizidisha inasomeka kama wamekariri.

Yule dada miezi kadhaa baadaye aliandika: "The factory brought jobs, with a concomitant rise in rents." Nikamuuliza kwa nini hakutumia consequent. Akanijibu kodi za nyumba zilipanda kipindi kilekile ajira zilipokuja, ila yeye hana cha kuthibitisha kwamba ni kiwanda ndo kilizipandisha.